Sultani wa jimbo Malaysia anatawala kweli?

Hapana ndugu. Umeuliza nani hasa anaendesha jimbo kule Malaysia: ni Menteri Besar, tumwite waziri kiongozi, na baraza lake la utendaji. Wao ndio wanaohangaika na ardhi, misitu na maji. Sultani humteua waziri kiongozi huyo kwa kuwa anamwona anaungwa mkono na wajumbe walio wengi katika bunge la jimbo. Majimbo yako 13. Tisa yana mtawala wa kurithi, manne yana gavana wa kuteuliwa.

Kwa kawaida mtawala hufuata ushauri. Ila kuna mambo kadhaa yamo mikononi mwake, yakiwemo haya mawili: kumteua huyo waziri kiongozi na kukataa kuvunja bunge. Hapo ndipo penye utamu. Jimbo la Perak, 2009, muungano uliotawala ulikuwa na viti 31 kati ya 59. Wajumbe watatu wakajitoa, hesabu ikapinduka. Nizar Jamaluddin, waziri kiongozi wa Perak wakati huo, akaenda kwa Sultani Azlan Shah kuomba bunge livunjwe ili wananchi wapige kura upya. Akakataliwa, akaambiwa ajiuzulu, kiti akapewa Zambry Abdul Kadir wa upande wa upinzani. Nizar akaenda mahakamani, na 2010 Mahakama ya Shirikisho, ya juu kabisa nchini, ikasema si lazima wingi upimwe kwa kura ya bungeni. Mimi hukumu hiyo bado hainikai vizuri. Na usisahau, Azlan Shah mwenyewe aliwahi kuwa jaji mkuu wa nchi kabla ya kurithi kiti cha usultani.