Blackhawks: tatizo si umri wa wakongwe
Ndugu, umeuliza kama Chicago Blackhawks, timu ya hoki ya barafu ya ligi ya NHL, walikosea kusajili wakongwe huku wanajenga timu upya kwa chipukizi. Kwangu shida ni urefu wa mkataba. Mkongwe Nick Foligno sina neno naye: alikuja 2023, msimu uleule chipukizi wao nyota Connor Bedard alioanza akiwa na miaka 18. Januari 2024 Brendan Smith wa timu ya New Jersey alipomgonga dogo Bedard hadi taya likavunjika, Foligno ndiye aliyemvaa kwa ngumi (mchezo una mambo yake huu!). Baadaye akapewa unahodha, haki yake. Ila mkongwe mwingine, Tyler Bertuzzi, mkataba wa miaka 4? Nafasi hiyo chipukizi kama akina Frank Nazar wanaihitaji. Chipukizi asiyepangwa bora ashushwe Rockford, timu yao ya daraja la chini, acheze kila mechi, kuliko kukaa jukwaani Chicago kavaa suti.