Nimetubu, mbona moyo bado unanishitaki?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mhazini wa kwaya ya usharika wetu. Mwezi Machi mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, nikakopa shilingi 240,000 kwenye fedha za sare, maana zilikuwa kwenye simu yangu. Nimesharudisha 150,000 kimyakimya. Kwenye taarifa ya Juni, zile 90,000 zilizobaki niliziandika kama nauli ya safari ya uinjilisti. Nimetubu kwa Mungu, nimefunga siku tatu, lakini Jumapili ya Meza ya Bwana ikifika natafuta sababu ya kubaki nyumbani. Mume wangu hajui. Mchungaji akihubiri naona ananisema mimi. Nifanyeje nipate amani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo. Tuanze na neno uliloliandika mwenyewe: "nikakopa". Mkopo huwa na mtu wa pili anayejua kuna deni. Hapa hakuwapo. Ulichukua. Ukiendelea kuliita mkopo, kila unapotubu unatubu kosa dogo kuliko lile dhamiri inalolijua, ndiyo maana hainyamazi.

Na dhamiri yako haijaharibika, inafanya kazi yake. Inakutajia mwezi, kiasi, hadi mstari kwenye daftari. Paulo alipojitetea mbele ya liwali Feliki (Matendo 24:16) alisema anajizoeza kuwa na dhamiri isiyo na hatia mbele ya Mungu na mbele ya watu. Pande mbili. Wewe umehangaika na upande mmoja tu. Hata ukifunga siku 40, wanakwaya wataendelea kuamini kuna gari lililolipwa nauli.

Fungua Hesabu 5:6-7 uone utaratibu: aliyekosa aungame, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosea. Kwako sehemu ya tano ya 240,000 ni 48,000. Ukijumlisha na 90,000 unapata 138,000. Sikuambii hizo 48,000 zinanunua msamaha, msamaha haununuliwi. Nakushauri uzitoe kwa sababu fedha za watu zilikaa kwako miezi kadhaa bila wao kujua, na kama sare zilichelewa, waliolipa gharama ya kuchelewa ni wao. Zakayo, yule mtoza ushuru, alijipangia kurudisha mara nne, na hakuna aliyemlazimisha.

Sasa, nani aambiwe? Wa kwanza ni mumeo, kabla ya kikao chochote. Fedha hizo zitatoka kwenye bajeti ya nyumba, na akizisikia kanisani utakuwa umefungua jeraha la pili. Wa pili ni mwenyekiti wa kwaya, akiwa na katibu. Mwone siku isiyo ya mazoezi, ukiwa na daftari mkononi, na useme kwa sentensi fupi: "Mwezi Machi nilichukua shilingi 240,000 za sare nikalipa ada. Nimerudisha 150,000. Bado 90,000. Kwenye taarifa ya Juni niliandika nauli, haikuwa nauli. Naomba mnisamehe, na hivi ndivyo nitakavyolipa." Kisha nyamaza. Habari ya mtoto kurudishwa itasemwa ukiulizwa. Ukiitanguliza, inageuka utetezi, nao watakufariji badala ya kukusamehe. Na usithubutu kusema "nilichanganya hesabu". Huo ni uongo wa tatu, na wengi hukwama hapohapo: wanaungama nusu, wanapata nafuu ya wiki mbili, halafu yanaanza upya.

Kuna njia ya mkato ambayo huenda umeshaiwazia: kutumbukiza fedha kwenye kapu la sadaka ndani ya bahasha isiyo na jina. Zitaingia mfuko wa usharika, kwaya itabaki na pengo lake, na daftari litabaki linadanganya. Kukopa kwa simu ili ulipe siku hiyohiyo nako ni kufukua shimo ili ufukie jingine. Kama huna 138,000 mkononi, andika ahadi: 46,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, mkasaini wewe na mwenyekiti, na kila ukilipa upewe risiti.

Daftari lenyewe usilichane wala usipake wino mweupe. Piga mstari mmoja juu ya neno "nauli" ili bado lisomeke, andika pembeni lililo kweli, weka tarehe, saini, na mwenyekiti asaini chini yako. Mkaguzi akikuta karatasi imechanwa atawaza mabaya kuliko haya. Siku hiyohiyo mkabidhi mwenyekiti salio lote la kwaya lililomo kwenye simu yako, na ujitolee kuachia uhazini. Wakikubali, usinune. Wakikurudishia, omba fedha zikae kwenye akaunti ya kwaya yenye watia saini wawili. Kishawishi chako hakikuwa ada peke yake. Fedha za kwaya na za mboga zililala kwenye laini moja.

Je, usimame mbele ya usharika mzima? Walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 walitubu hadharani na kurudisha vitu walivyoiba, na bado wako wanaoona bila hivyo toba haijakamilika. Mimi sioni hivyo. Eneo la toba liwe sawa na eneo la kosa. Taarifa ya Juni walisomewa wanakwaya, basi masahihisho wasomewe wanakwaya, kwa maneno mtakayokubaliana na mwenyekiti. Kikundi cha maombi cha mtaani hakikuibiwa kitu. Usikipelekee habari ya kujadili.

Kwa mchungaji nenda kwa ajili yako mwenyewe. Hakusemi, hajui lolote. Katekisimo Ndogo ya Luther, kitabu cha mafundisho ya msingi ya imani, inaelekeza kwamba mbele za Mungu tukiri dhambi zote, hata tusizozijua, lakini kwa muungamishi, yaani anayepokea maungamo, tutaje zile tunazozijua na kuzisikia moyoni. Kwa hiyo usiende na orodha ya maisha yako yote. Peleka hili, usikie ukitangaziwa msamaha kwa sauti ya mtu mwingine, maana ya kwako mwenyewe umeacha kuiamini.

Baadaye moyo unaweza kukushitaki tena. Hapo uulize: kitu gani, nani, lini? Ukikujibu kwa jambo la kweli ambalo hukulitengeneza, litengeneze. Ukibaki unasema tu "wewe ni mwizi, huna maana", na risiti unazo, soma 1 Yohana 3:20, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, kisha endelea na kazi zako. Usiungame mara ya pili lililokwisha.

Na Meza ya Bwana ikifika kabla hujamaliza miezi mitatu, nenda. Mathayo 5:24 inataka upatane kwanza, na kupatana kutakuwa kumefanyika siku ile mliposaini. Paulo naye hakumwambia mtu ajihoji ili abaki nyumbani. Alisema ajihoji, kisha ale.