Usikimbilie utangulizi: tunavyowasoma waandishi wa Kijerumani wa zamani

Mara ya kwanza kusoma Die Verwandlung ya Franz Kafka nilikuwa darasani, najifunza Kijerumani, na mwalimu akatuuliza mmoja mmoja tumeionaje. Nikasema hiki ni kisa cha kijana aliyekuwa akiilisha familia nzima, akapatwa na balaa, na wale aliokuwa akiwalisha wakamchoka. Mwalimu akatabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto. Hapana, akasema, hapa suala ni upweke wa binadamu wa kisasa. Nikaandika "upweke wa binadamu wa kisasa" kwenye daftari, na mwaka mzima uliofuata sikufungua tena mdomo kuhusu kitabu chochote cha Kijerumani.

Naandika haya kwa kuwa kuna watu wananiuliza waanzie wapi na waandishi wa zamani wa Kijerumani, akina Goethe, Kafka, Fontane na wenzao. Kitabu cha kuanzia nitakitaja, lakini kwanza mahali pa kutoanzia: utangulizi. Zile kurasa ishirini za profesa mbele ya riwaya ziruke, uzirudie ukishamaliza. Ukizisoma mwanzo utaingia kwenye hadithi ukiwa umeshaambiwa cha kuhisi, na hisia yako mwenyewe, ile ya kwanza, haitarudi tena.

Kilichonirudishia ujasiri ni barua. Aprili 1917 Kafka alipokea malalamiko kutoka kwa msomaji wa Berlin, bwana mmoja mwenye shahada ya udaktari. Alikuwa amenunua Die Verwandlung akampa binamu yake zawadi. Binamu hakuielewa, akampa mama yake. Mama naye hakuielewa, akampa binamu mwingine, ambaye pia alishindwa. Basi wote wakamgeukia yeye awaeleze, kwa vile ndiye msomi wa ukoo. Na yeye hana la kusema! Anamwambia Kafka kwamba amekaa miezi kwenye mahandaki ya vita akipambana na Warusi bila hata kupepesa jicho, lakini kuaibika mbele ya binamu zake hawezi kuvumilia. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Wasomaji wa kwanza wa kitabu kile, tena wanaozungumza lugha ileile, walikuwa wakikodoa macho kama sisi.

Tukaanzisha kikundi. Tuko sita, tunakutana Jumamosi moja kwa mwezi sebuleni kwa mwenzetu hapa Dar es Salaam. Wawili tunasoma Kijerumani kwa kujikongoja, waliobaki wanasoma tafsiri za Kiingereza, na mazungumzo yote ni kwa Kiswahili. Sharti letu ni moja: mzunguko wa kwanza hakuna ruhusa ya kusema "maana yake ni". Unasema tu ulichekea wapi, ulikasirikia wapi, usingizi ulikuchukua ukurasa wa ngapi. Usingizi nao ni maoni.

Tulianza na hiyohiyo Die Verwandlung ya mwaka 1915, na nawe nakushauri uanze nayo, kwa kuwa ni fupi, unaimaliza kwa jioni mbili. Gregor Samsa ni mchuuzi wa vitambaa anayesafiri kwa treni kila siku. Anaamka amekuwa dudu, na kinachomsumbua kwanza ni kwamba treni ya saa kumi na moja alfajiri imemwacha. Miaka mitano kazini hajaumwa hata siku moja, lakini anajua akisema anaumwa bosi ataleta daktari wa bima, ambaye kwake watu wote ni wazima, ni wavivu tu. (Kafka mwenyewe aliajiriwa tangu 1908 kwenye taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi kule Prague. Alijua anachokisema.)

Aliyetufumbua macho ni mwenzetu mwenye duka la vifaa vya umeme. Yeye riwaya yoyote anaisoma kama daftari la mauzo. Akauliza: mmeona pale baba anapofungua kasha la pesa? Gregor anafanya kazi asiyoipenda ili kulipa deni la wazazi wake kwa bosi, akiamini biashara ya baba ilipofilisika haikubaki hata senti. Sasa yuko nyuma ya mlango, ni dudu, anasikia baba akieleza kwamba akiba ipo, na hata pesa alizokuwa akileta yeye Gregor hazikuisha zote. Wakati zile pesa zingeweza kupunguza deni na kuisogeza karibu siku ya kuacha kazi. Na Gregor anafurahi! Anatikisa kichwa kwa kuridhika kwamba baba alikuwa na busara. Sebule ilinyamaza. Kati yetu sita, wanne ndio wazaliwa wa kwanza waliosomesha wadogo zao.

Tangu siku hiyo nina swali ninaloanza nalo kila kitabu, na nakupa bure: nani analipa kodi ya nyumba? Uliza hilo na nusu ya pazia itafunguka. Akina Samsa wanaishia kupangisha chumba kwa mabwana watatu wenye ndevu, ambao wakimwona Gregor wanatoa notisi papo hapo na kukataa kulipa hata siku walizokwisha kulala. Hapo hatukuhitaji mhakiki. Kila mtu alikuwa na kisa chake cha mpangaji.

Jambo la pili, simulia upya kwa Kiswahili hata kama umesoma kwa lugha nyingine. Lugha yetu inaona vitu ambavyo tafsiri ya Kiingereza inavipita. Tulibishana saa nzima Gregor tumwiteje. Mende? Kafka hataji ni mdudu gani, tena alimwomba mchapishaji wake asimchore yule mdudu kwenye jalada, hata kwa mbali. Mdudu basi? Mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee wetu, akasema mdudu ni mdogo na ana heshima yake, anapewa "huyu". Huyu ni dudu. Sawa, lakini dudu huyu au dudu hili? Tukarudi kitabuni. Karibu na mwisho dada yake Grete, aliyekuwa akimpelekea chakula, anawaambia wazazi kwamba mbele ya kiumbe hiki hataki kulitamka jina la kaka yake, anasema tu ni lazima wajaribu kukiondoa. Kwa Kijerumani anatumia "es", kineno cha vitu. Kiingereza kina neno la kufanana, na wenzetu walikuwa wamelipita bila kushtuka. Ukisema kwa Kiswahili huwezi kulipita: mpaka ukurasa huo ni "tumsaidie", "tumpe maziwa", halafu ghafla "tuliondoe". Silabi moja imebadilika, na mtu ameshafukuzwa ukoo. Muuguzi wetu alisema ameshalisikia hilo wodini, ndugu wa mgonjwa wa muda mrefu wanapoanza kuuliza "hali" badala ya kumuuliza mgonjwa.

Tena cheka. Watu wanamsoma Kafka wakiwa wamenuna kama wako msibani, ilhali rafiki yake Max Brod ameeleza kwamba Kafka alipowasomea wenzake sura ya kwanza ya Der Process, riwaya yake nyingine, walicheka sana, naye mwenyewe akashindwa kuendelea kwa kicheko.

Faust, tamthilia ya Goethe, nitaipita haraka kwa sababu nasi tuliipita hivyo. Sehemu ya kwanza, ya 1808, inasomeka. Sehemu ya pili ilitushinda na sioni aibu kusema. Lakini kuna pahala pa lile sanduku la vito ambalo Gretchen, binti anayetamaniwa na Faust, analikuta chumbani: mama yake anamwita padri, na padri anasema Kanisa lina tumbo zuri, limekwisha kumeza nchi nzima nzima na halijavimbiwa. Wakristo na Waislamu wa sebuleni walicheka pamoja, ila kwa sababu tofauti. Ukipata kile kitabu kidogo cha Reclam, wachapishaji wa Kijerumani, kichukue. Toleo namba moja la mfululizo huo, mwaka 1867, lilikuwa Faust hiyohiyo, na bado vinaingia mfuko wa shati.

Usimfukuze anayekichukia kitabu. Werther ya Goethe, 1774, riwaya ya kijana anayempenda Lotte, mchumba wa mtu, na mwisho anajiua kwa bastola, iligawa watu tangu siku ya kwanza. Vijana walivaa koti la buluu na kizibao cha njano kama Werther, na Leipzig ikapiga marufuku kitabu pamoja na mavazi yake. Mwandishi Friedrich Nicolai alikerwa kiasi kwamba mwaka uliofuata akatoa toleo lake la dhihaka, bastola imejazwa damu ya kuku na Werther anaishia kumwoa Lotte. Mzee wetu naye alimwona Werther ni kijana asiye na kazi, akatuambia hivyo kwa dakika arobaini. Ndiyo Jumamosi tuliyosoma kwa makini kuliko zote, kwani ilibidi kila mtu atafute mstari wa kumjibu.

Kilichotuumiza zaidi ni Effi Briest ya Theodor Fontane. Effi ana miaka 17, anacheza bustanini na marafiki zake, anaitwa ndani, na kabla ya siku kwisha ameshachumbiwa na Innstetten mwenye miaka 38, ambaye zamani alimtaka mama yake. Miaka baadaye mtoto anaanguka na kujiumiza, watumishi wanavunja meza ya ushonaji wakitafuta kitambaa cha kumfunga, na barua za mapenzi ambazo mwanamume mwingine alimwandikia Effi zaidi ya miaka sita nyuma zinatoka. Pambano la bastola, talaka, mtoto anachukuliwa. Siku anaporuhusiwa kumtembelea mama yake, kila akiulizwa kitu anajibu sentensi ileile aliyofundishwa: ndiyo, nikiruhusiwa. Muuguzi alifunga kitabu pale na hakukifungua kwa wiki mbili.

Baba yake Effi ana msemo anaoukimbilia kila jambo likimzidi: hilo ni shamba pana mno. Ndiyo maneno ya mwisho ya riwaya, Effi akiwa ameshakufa, mkewe anapouliza kama wao wazazi hawana hatia, kwamba labda binti alikuwa mdogo mno. Sasa umekuwa msemo wa kikundi, na mzee ndiye anayeupenda kuliko wote. Siku ya Effi, muuguzi alipouliza nani alimuua yule binti, mzee akavua miwani, akajiegemeza, akaanza: "Mwanangu, hilo ni shamba pana..."

"Mzee, chukua jembe," muuguzi akamkata. "Tunalilima leo."

Tulitoka saa tano usiku.