Meza ya Tanga 1914: anza na ardhi, majengo yatafuata

Mkuu, habari za jioni. Nimeusoma uzi wako hadi mwisho. Kwa wadau wanaoingia sasa: mwenzetu yuko Dar, anacheza michezo ya vita ya mezani, askari wake wa sanamu wa kimo cha milimita 28, wa Kijerumani na wa Kihindi, wameshapakwa rangi, na anataka kuyacheza mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipojaribu kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Anauliza aanze kutengeneza nini na kwa vifaa gani, kwa sababu kuagiza mandhari zilizo tayari kutoka Uingereza kunamla pesa kuliko askari wenyewe. Ameuliza pia kama anunue printa ya 3D.

Wengi mmemwambia aanze na majengo: Hoteli ya Kaiser, forodha, stesheni. Naheshimu ushauri huo ila siukubali. Mimi ni mtu wa Tanga, meza hii nimeijenga kwa vipimo viwili tofauti, na nasema aanze na ardhi.

Fikiria kilichotokea. Usiku wa tarehe 2 Novemba Waingereza walianza kushusha watu kutoka melini ufuoni Ras Kasone, jeshi la askari kama 8,000 chini ya Jenerali Aitken, wengi wao kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na alikuwa bado anawaleta kwa treni kutoka Moshi. Ukihesabu vichwa tu, hapo hakuna mchezo. Kilichosawazisha mambo ni kile kilichokuwa kati ya ufuo na mji: mashamba ya mkonge na mpira, minazi, vichaka, halafu korongo la reli pembezoni mwa mji. Vikosi vilipotezana humo. Afisa hakujua jirani yake wa kushoto yuko wapi. Sasa wewe weka meza tupu yenye hoteli nzuri upande mmoja uone: Mwingereza atatembea hadi mjini, na mtashangaa kwa nini historia ilikwenda vingine. Mandhari ndiyo jeshi la tatu katika mapigano haya, na ndiyo maana haifai kuachwa iwe pambo la mwisho.

Kabla ya kukata kitu chochote, piga hesabu ya kipimo. Milimita 28 ni kama 1/56. Meza ya kawaida ya sentimita 180 kwa 120, kwa kipimo hicho, ni mita 100 tu za ardhi halisi kwa urefu. Huwezi kuweka Ras Kasone na stesheni hapo. Umbali kati yao ni wa kilomita kadhaa. Kwa hiyo chagua kipande kimoja. Mimi ningechagua alasiri ya tarehe 4, ukingo wa mashariki wa mji: korongo la reli katikati, nyumba chache nyuma yake, mkonge na minazi mbele. Ukitaka mapigano yote kwa pamoja, shuka milimita 6 au 15, lakini kwa kuwa askari wako wako tayari, kaa na kipande.

Gawa meza iwe vigae sita vya sentimita 60 kwa 60. Wazo hili ni la zamani sana. Mwaka 1812 Baroni von Reisswitz alimtengenezea mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, meza ya mchezo wa vita yenye vigae vya ardhi vya kupanga upya, na hadi leo sijaona njia bora kwa mtu anayeishi kwenye nyumba ya kawaida. Vigae vinaingia chini ya kitanda, na kesho ukitaka Jasini au Longido, mapigano mengine ya vita hiyo, unabadilisha viwili vitatu.

Sasa korongo. Wengi hukwama hapa kwa sababu meza haichimbiki. Dawa yake ni kuinua ardhi yote. Kila kigae kiwe na kitako cha plaiwudi nyembamba, juu yake povu gumu la unene wa sentimita 5, kisha korongo unalikata ndani ya povu hilo. Povu la buluu la kuagiza ni zuri, lakini lile jeupe linalokuja ndani ya boksi la friji au TV linatosha kabisa. Waombe wenye maduka ya vifaa vya umeme, wengi wanalitupa. Tatizo lake ni punje zinazomwagika ukikata. Tumia wembe mpya wa kisu cha kukatia karatasi na uubadilishe mara kwa mara, kata kwa mivuto mirefu bila kukandamiza, halafu funika uso wote kwa mchanganyiko wa wolputi, gundi nyeupe ya mbao na rangi ya maji ya kahawia. Ukikauka unakuwa ganda ambalo kucha haipenyi. Rangi ya kopo ya kupuliza usiilete karibu na povu tupu, inaliyeyusha papo hapo.

Kina cha korongo kisizidi kimo cha askari mmoja na nusu, sentimita 4 hadi 5, na upana uache mkono wako uingie bila kuangusha watu. Kuta zisiwe wima kabisa. Ziteremke kidogo ili askari waweze kusimama kwenye mteremko, maana humo ndimo watakamopigania.

Reli yenyewe ni ya mita moja kati ya chuma na chuma. Kwa 1/56 hiyo ni milimita 18 hivi, kwa hiyo reli ya treni za kuchezea za kipimo cha HO, yenye milimita 16.5, inakaribia sana na jicho halitalalamika. Kama huna, nenda kwa fundi baiskeli ukaombe spoki kuukuu. Spoki ina unene wa milimita 2, na ndio kimo cha chuma cha reli kwa kipimo chako. Mataruma yatoke kwenye vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa. Ukishabandika, paka yote rangi ya kutu, kisha pitisha msasa laini juu ya spoki ili mahali magurudumu yanapopita pang'ae.

Mkonge ndio moyo wa meza hii, nakuomba usiufanyie haraka. Zao lenyewe lilikuwa bado geni: Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alileta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikabaki hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na miaka 21 baadaye watu wanauana katikati ya mashamba yake. Chukua karatasi ya manila, ipake kijani cha kijivujivu pande zote mbili kabla ya kukata. Kata nyota za majani manane hadi kumi, kila jani jembamba lenye ncha kali, urefu wa sentimita 2 na nusu. Kila jani likunje katikati kwa mgongo wa kisu ili lipate mfereji. Nyota tatu zinapandana, ya chini imelala, ya kati imeinuka kidogo, ya juu imesimama, na katikati kabisa unaweka kijiti cha meno kilichokatwa kiwe lile jani changa lililojifunga. Mguso wa rangi ya kahawia iliyokolea kwenye ncha za majani ndio utakaomfanya mtu wa Tanga auone na aseme huu ni mkonge, maana mwiba wake anaujua.

Bandika mimea hiyo kwenye vipande virefu vyembamba, mstari kwa mstari, nafasi ya sentimita 4 kutoka mmea hadi mmea. Shamba la sentimita 30 kwa 30 litakula kama mimea 50. Ni kazi ya kukaa, lakini mistari ikishapangwa unaona mwenyewe kwa nini askari waliolala nyuma yake hawakuonekana: mmea unafika kimo cha mtu. Kubalianeni na mwenzako mapema kwamba ndani ya mkonge mtu haoni zaidi ya sentimita 10 na anatembea nusu mwendo. Na kwa kuwa mistari inatolewa, mkitaka kupita kwa kikosi kikubwa mnaondoa mmoja na kuurudisha.

Mpira wa mashamba ya wakati ule ulikuwa Manihot glaziovii, ndugu wa mhogo, na majani yake yanafanana na ya mhogo. Usiutengeneze kama msitu. Vijiti halisi vya matawi makavu, vimesimamishwa kwa safu, juu yake majani ya sponji. Sponji unaipata kwa mafundi makochi, masalio ya magodoro: yaloweke, yasage kwenye blenda kuukuu na maji, yakamue, changanya na rangi ya kijani na gundi, anika. Tengeneza kijani cha aina mbili au tatu, kwa sababu kijani kimoja meza nzima huua macho.

Mnazi una njia yake. Chukua nyaya tisa au kumi za kufungia nondo, urefu wa sentimita 26, uzisokote pamoja sentimita 20 za chini, na sentimita 6 za juu uziachie zitawanyike. Hizo ndizo mbavu za makuti. Kila waya ubane katikati ya vipande viwili vya manila kwa gundi, kikikauka kata umbo la kuti, kisha chanja pembeni kwa mkasi kuelekea kwenye waya, mkato kwa mkato, na uyainamishe. Shina lizungushie uzi kwa nafasi ili upate zile pete, kisha lipake gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Mnazi halisi wa mita 20 ungekuwa sentimita 36 kwa kipimo chako. Usifike huko, mikono itakuwa inaugonga kila zamu. Sentimita 18 hadi 20 zinatosha. Na uinamishe! Minazi iliyosimama kama nguzo za umeme haipo pwani yetu.

Kwenye miti hiyo ning'iniza mizinga ya nyuki. Watu wanaijua Tanga kwa sababu ya nyuki, na ni kweli: risasi ziliwachokoza, wakawashambulia watu, na kikosi cha 98 cha Wahindi kilisambaratika. Ule uvumi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki makusudi hauna msingi, nyuki hawakuchagua upande. Kata vijiti vya urefu wa milimita 20 na unene wa milimita 6, toboa ncha moja kwa sindano, vifunge kwa uzi vilale kwa ubapa chini ya tawi. Mizinga sita au saba inatosha, na kila mmoja uwe na kanuni yake: risasi zikipita karibu, tupa dadu.

Sasa majengo, na hapa nina jambo linaloniuma. Mandhari nyingi za "Afrika" zinazouzwa nje ni misonge, vibanda vya duara vya nyasi, na watu wanaziweka kwenye meza ya Tanga. Pwani hatukujenga hivyo. Nyumba ya Mswahili ni ya pembe nne, kuta za miti na udongo, baraza mbele, paa la makuti lenye miteremko. Mjini kulikuwa na majengo ya mawe na mabati. Ukimweka askari wa Kashmir Rifles, kikosi kimojawapo cha Wahindi, akipita kati ya misonge umeufuta mji wa watu. Kadibodi ya boksi inakutosha kwa kuta. Ipake gundi, inyunyizie mchanga laini, acha sehemu moja mbili zionyeshe fito kana kwamba udongo umebanduka. Mlango wa mita mbili uwe milimita 36. Paa: katani. Kata singa za sentimita 2, zipange kwenye utepe wa karatasi wenye gundi, kisha bandika tepe hizo kuanzia chini kwenda juu, kila moja ikifunika nusu ya iliyotangulia, kama anavyoezeka fundi. Hoteli na forodha zifuate baadaye. Kashmir Rifles na North Lancashire, kikosi cha Waingereza wenyewe, walifika huko kweli, lakini ilibidi kwanza wavuke korongo.

Udongo wa kunyunyizia, chekecha kwa chujio la chai na ukaange kwenye sufuria kavu ili kuua wadudu. Mchanga wa baharini uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa. Chumvi ikibaki inavuta unyevu na kuozesha nyaya. Gundi ya uji wa ngano usitumie hata kidogo, mende watakula nyumba zako. Mwisho wa yote pitisha vanishi isiyong'aa.

Moshi wa bunduki: askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki za modeli ya 1871 zinazotumia baruti nyeusi, yenye moshi mwingi, kwa hiyo kila wakipiga walijianika. Sufi ya mto, chambua kidogo na uiweke mbele ya kikosi kilichofyatua. Ni alama nzuri ya mchezo na ni ya kweli.

Kuhusu printa: kama pesa ipo, inunue kwa ajili ya behewa, kichwa cha treni na bunduki za rashasha, vitu vyenye maumbo ya chuma yanayojirudia. Ardhi, mkonge na minazi tengeneza kwa mkono. Anza na kigae kimoja cha korongo na kimoja cha mkonge, vikikauka cheza navyo hivyo hivyo watu kumi kwa kumi, halafu weka picha hapa tuone mteremko wa kuta umekaaje kabla hujakata vinne vilivyobaki.