Usikate Uzi: Kwa Wenzangu Mnaoanza Kazi Hospitali za Misheni

Kila mwaka huku wilaya ya Ulanga, Tanzania, tunapokea vijana wapya. Wengine wametoka vyuoni, wengine wametumwa na makanisa yao ng'ambo, na hazipiti siku mbili kabla hawajaniuliza: tufanyeje mgonjwa akiletwa tukaambiwa ana pepo? Mimi huwapeleka kwanza wodi ya watoto, wakaone degedege.

Mtoto ana homa, macho yanapinduka, mwili unakakamaa. Daktari ataandika malaria kali. Bibi yake anajua ni mdudu anayeruka usiku, kivuli chake kimempitia mjukuu. Tiba anayoijua ni kumwogesha majani na kumfukiza kinyesi cha tembo, na jambo moja hatakubali kirahisi: sindano. Kwake yeye, mtoto wa degedege akichomwa sindano, anakufa.

Usimcheke. Hayo ameyaona kwa macho yake. Mtoto wa jirani alikaa nyumbani siku tatu malaria ikimpanda kichwani, akafikishwa hospitali yu hoi, akachomwa sindano, akafa hata kabla jua halijazama. Kilichotangulia kifo ni sindano. Zile siku tatu hazikuonekana. Nimejifunza kutobishana na bibi huyo mbele ya mtoto anayetetemeka. Hayo nayasema kliniki, siku ya kupima uzito, akina mama wametulia na mtoto aliyepona yuko pale anacheza na viatu vyangu.

Kitandani fanya kazi yako. Mlaze mtoto kwa ubavu, angalia anavyopumua, pima malaria, pima sukari (inashuka sana kwenye malaria kali, na wapya wengi huisahau), anza artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali. Kisha uliza, "Mmemsaidiaje huko nyumbani?" Usiulize, "Mbona mmechelewa?" Ukiuliza hilo la pili mama atainamisha kichwa, nawe hutajua kamwe kwamba asubuhi mtoto alinyweshwa mizizi, na hiyo mizizi unahitaji kuijua.

Nililipa gharama ya somo hili. Mwaka wangu wa kwanza nilimkuta mtoto ana uzi mweusi wa kinga kifundoni mwa mkono, mahali nilipotaka kuweka kanula, ile sindano ya dripu. Nikachukua mkasi wa bandeji nikaukata, nikautupa kwenye ndoo ya taka. Niliona natetea imani yangu. Mama hakusema neno. Usiku wa manane, muuguzi wa zamu akiwa wodi nyingine, alimbeba mwanawe akaondoka, dripu ikabaki inaning'inia. Sikuwahi kusikia yaliyompata yule mtoto. Nawaza habari zake mpaka leo.

Miaka ikapita, uzi mwingine, mkono mwingine. Nikapiga goti nikasema, "Shikamoo bibi. Mshipa mzuri uko hapa hapa kwenye uzi. Tufanyeje?" Bibi akautazama mkono, akanitazama mimi, akaufungua uzi kwa meno na kuufunga mguuni. Haikuchukua dakika moja.

Kifafa ni kirefu zaidi, maana mgonjwa utakuwa naye miaka. Milima yetu ya Mahenge ina kifafa kingi. Watafiti wamekihusisha na minyoo inayosambazwa na usubi, inzi wadogo wanaouma wa kwenye mito ya maji ya kasi, kwa hiyo mgonjwa akija uliza pia anakaa karibu na mto gani, na kama kijijini wanameza dawa ya usubi. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipofika hapa mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao, watu wakihofia mate yao. Wengi walikuwa na makovu ya moto, kwa kuwa mtu akishikwa na kifafa akaangukia moto jikoni, wapo wanaoogopa kumgusa. Alianzisha kliniki ya kifafa, akawapa dawa. Makovu hayo ningali nayaona. Kwa hiyo siku ya kliniki mimi hunywa chai na wagonjwa, vikombe vile vile, ndugu zao wakiona.

Sasa niseme linaloniumiza zaidi, nalo linatoka kwetu sisi wenyewe wa kanisani. Mganga wa jadi mara nyingi hamkatazi mtu vidonge vya hospitali. Ila nimepokea wagonjwa walioombewa kwenye mkesha, wakaambiwa kumeza tena ni kukosa imani, wakaacha fenobabitoni, dawa ya kifafa, kwa siku moja. Dawa hiyo haiachwi ghafla. Kifafa kinarudi kwa mfululizo, tukio juu ya tukio, na mtu anaweza kufa. Ukimfuata mchungaji atakufungulia Mathayo 17, ambapo Biblia yetu imeandika wazi neno kifafa, na pepo akatolewa. Usiikimbie sura hiyo. Mfungulie na Marko 9, habari ile ile, umwonyeshe kwamba kabla ya kumponya yule kijana Yesu alimuuliza baba yake mambo hayo yalianza lini. Aliuliza historia ya mgonjwa. Wachungaji wawili wamenyamaza nilipowasomea hapo, na mmoja sasa huwaleta wagonjwa mwenyewe.

Watakuuliza kama wewe unaamini mapepo. Jibu kwa unyofu ulivyo. Mimi husema naamini uovu upo na ninaomba, lakini kazi niliyopewa wodini ni ya damu na homa. Hiyo tuianze sasa hivi, mchungaji nitamwita mimi mwenyewe asubuhi. Sijapata familia iliyokataa.

Na tarehe za kurudi kuchukua dawa zipangie siku ya mnada. Siku hiyo magari yapo, na hakuna jirani atakayejiuliza huyu amekuja mjini kufanya nini.