Aliyewaita barabarani alikuwa Ubelgiji

Swali lenu la wiki hii limenikuta kibandani kwangu, simu za watu zimejaa mezani zinachaji. Mmeuliza: "Je, intaneti imewapa watu wa kawaida nguvu ya kupinga vita?" Nilitaka kujibu hapana, basi, niendelee na kazi. Nimeshindwa.

Sisi wa Kigoma vita haituletei habari, inatuletea watu. Bibi yangu pale Ujiji aliwapokea Warundi wa 1972, mama yangu akawapokea wa 1993. Wakongo wakaja 1996, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Zamu yangu ilikuwa 2015.

Sababu za kusema hapana ninazo. Tarehe 15 Februari 2003 mamilioni ya watu waliandamana siku moja, Roma, London, New York na mamia ya miji mingine, wengi wakiwa wameitana kwa barua pepe. Hazikutimia wiki tano Marekani ikaivamia Iraki. Na Goma ilipotekwa Januari 2025, vijana wengi wa hapa Mwanga waliweka bendera ya Kongo kwenye status zao. Watu wa Goma walibaki na vita yao.

Lakini ninayetaka kumzungumzia ni mama mmoja wa Bujumbura.

Ilikuwa Mei 2015. Mnakumbuka Kagunga: kijiji cha wavuvi kule mpakani na Burundi, mlima nyuma, ziwa mbele, watu makumi elfu wamelala ufukweni na kipindupindu kimeingia. Meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi, inawabeba mamia kwa mamia. Meli ile Wajerumani waliiunda kwa ajili ya ziwa hili, wakaitumia kwenye vita yao, na miaka mia moja baadaye ikawa inabeba waliokimbia vita ya wengine. Wakishushwa bandarini wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi ya Nyarugusu.

Mama huyo alikuja kibandani na mtoto mgongoni na simu nne zimefungwa kwenye kitambaa. Tatu zilikuwa za wenzake. Sikumwomba ile mia tatu ya chaji, nisingeweza. Nilimpa kigoda, nikampa mtoto uji. Tulielewana bila shida, maana mimi Muha na Kirundi na Kiha ni ndugu. Alichotaka kujua ni kimoja: mume wake yuko hai au la. Walipoteana usiku wa kukimbia.

Laini za kwao zilikuwa hazishiki mtandao mjini hapa. Nikanunua bando, nikawasha hotspoti kwenye simu yangu, yake ikaunganika. Ikaanza kulia. Jumbe zilikuwa za wiki nzima, zinaingia moja baada ya nyingine. Mtoto akawa anacheka kila simu ikilia. Mama hakucheka. Alikuwa anasoma huku midomo inatikisika.

Nyingi zilitoka kundi la WhatsApp la mtaa wao. Mwezi wa nne, Rais wao Nkurunziza alipotangazwa mgombea kwa muhula wa tatu, ndiko walikoitana kuandamana. Wenyewe walijiita Sindumuja, mimi si mtumwa. Redio zikafungwa, serikali ikazuia WhatsApp kwenye simu, wakatafuta VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, wakaendelea. Baada ya jaribio la kumpindua rais mwezi Mei kushindwa na redio binafsi kuchomwa, habari za mitaani zilipita kwenye simu hizo tu. Mume wake alikuwa anatoka kila asubuhi.

Akanionyesha ujumbe mmoja. Ulisema kesho watu watoke wote, asiyetoka ni msaliti. Mwenye ujumbe alikuwa na namba inayoanza na 32. Sikuelewa. Akaniambia, "Dada, hiyo ni ya Ubelgiji." Chini yake kulikuwa na picha za vijana waliotoka.

Nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo. Mtu amekaa ambako hakuna risasi, anamwita mume wa mwenzake msaliti. Kama barua hii ingeishia hapa ningeandika kwamba intaneti inawatuma maskini vitani.

Ila simu ililia tena. Shemeji yake aliandika kwa kifupi tu: kaka amevuka Rwanda, yuko kambi ya Mahama, anawatafuta. Mama yule aliiweka simu mapajani, akafunika uso kwa kanga yake, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniomba nisizime hotspoti mpaka zile tatu za wenzake nazo zisome. Tulikaa mpaka magharibi.

Nimejaribu kuendelea na hapana yangu baada ya kuandika hayo, imenitoka. Bila simu ile asingejua yuko mke au mjane. Bila kundi lile la mtaa, yaliyotokea pale kwao yangezikwa na waliokufa. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, nguvu ipo, ingawa nimeiona zaidi katika kutafutana na kushuhudia kuliko katika kuzuia risasi. Iraki haikuokolewa, na Goma nayo haikuokolewa.

Na ndiyo yangu ina sharti. Anayewaita wenzake watoke barabarani aseme na yeye yuko wapi. Najua yupo anayejificha mle mle mjini, akijitaja atauawa. Huyo simdai kitu. Namdai aliye mbali. Aandike kwanza: mimi niko Ubelgiji, nyumba yangu ina mlinzi, watoto wangu wako shule. Halafu aseme anachotaka watu wafanye, waamue wenyewe.

Msomaji, Mwanga, Kigoma