Lindeni Kiwanja cha Ndege cha Kijiji Kabla Hakijalimwa

Kama kijiji chenu bado kina kiwanja cha ndege cha udongo, hata kama ni muda mrefu hakijatuliwa, anzeni na karatasi. Majani yanafyekeka, lakini ardhi iliyokwisha kugawiwa watu kuirudisha ni kazi. Nimekaa kwenye kamati ya kiwanja huku bonde la Kilombero, na viwanja vya jirani nilivyoshuhudia vikipotea vilianza kupotea pale mtu wa kwanza alipopanda mahindi pembeni na asiulizwe na yeyote.

Sababu za ndege kupungua zinaeleweka. Daraja la Magufuli la mto Kilombero lilipozinduliwa mwaka 2018, adha ya kivuko pale Ifakara ikaisha, na wengi wakaona ndege hazina kazi tena. Halafu kuna suala la mafuta. Ndege ndogo za injini ya pistoni kama Cessna 206 hutumia petroli maalumu ya ndege, na kuipata mikoani ni shida. Waendeshaji wengi wakahamia Cessna Caravan, ndege inayotumia mafuta ya jeti. Hiyo hubeba zaidi, lakini ni nzito zaidi, kwa hiyo inataka njia ndefu ya kurukia na kutua, na ardhi iliyoshikana vizuri. Viwanja vilivyotosha zamani vikaonekana vifupi.

Lakini daraja ni moja tu, na barabara ya vumbi baada yake ni ndefu. Mafuriko ya masika ya 2024 yalitukumbusha. Mama mjamzito anayetoka damu hawezi kusubiri maji yapungue.

Wakulima wenzangu wa mpunga nawaambia pia habari ya kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaovamia nafaka. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja linamaliza tani 10. Ndege ya kunyunyizia sumu hufanya kazi jioni, kweleakwelea wakisharudi kulala. Mwanga wa saa hiyo ni mfupi. Rubani akitokea mbali, unaishia njiani. Kiwanja kikiwa karibu, anajaza dawa, anaruka, anarudi kabla ya giza. Hoja hii ndiyo iliyowafanya watu wetu wakubali kuja kufyeka, kuliko hotuba zote.

Sasa hiyo karatasi. Kwanza ulizeni halmashauri kiwanja ni cha nani: kijiji, misheni au serikali. Kikiwa cha kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kukitenga kama ardhi ya matumizi ya pamoja. Kiingizeni kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, kipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe, nakala ibaki kwa mtendaji. Wekeni mawe ya mpaka, na msisahau ncha mbili za njia. Mti mrefu au nyumba ya bati mwisho wa njia inakifupisha kiwanja hata kama katikati ni safi.

Kichuguu kisawazisheni kikiwa bado kidogo. Ng'ombe wana njia zao; wachungaji wahusishwe kwenye kamati, maana faini peke yake kwetu haikusaidia. Chimbeni mitaro pande zote mbili, kwani maji yaliyotuama katikati huacha sehemu laini ambayo juu inaonekana kavu. Tuliipima kwa kupitisha gari lenye mzigo na kuangalia tairi zinazama wapi.

Mwisho, chagueni mtu mmoja mwenye simu inayopatikana, na namba yake wapeni hospitali ya wilaya na waendeshaji wa ndege. Kila baada ya mvua kubwa atembee njia nzima kwa miguu, apige picha, azitume. Kukiwa na tope aseme kuna tope, hata kama mgonjwa ni ndugu yake na rubani yuko tayari kuja.